Barua Tisa za Bawabu

Mama mkwe alifika Ijumaa saa nne asubuhi bila kupiga simu, akiwa na mkoba mmoja wa nguo na bahasha moja ya kaki. Mkoba aliuacha mlangoni. Bahasha aliingia nayo hadi kwenye meza ya chakula, akaiweka, akaketi mbele yake, ndipo akapokea shikamoo ya mkwewe.

"Marahaba, mwanangu."

"Karibu, mama. Ungetuambia tungekuja kukupokea."

"Ningewaambia mngejiandaa. Sikutaka mjiandae."

Mkwe huyu kazini kwake alikuwa msahihishaji wa vitabu vya shule, na wiki hiyo alikuwa likizo. Msidhani aliichukua likizo ili apumzike. Watu wa namna yake hawapumziki, huhamisha tu ugonjwa wao kutoka meza moja kwenda nyingine. Aliichukua kwa ajili ya Kiolezo.

Kiolezo ni programu ya kuchora vipande vya nguo kwenye kompyuta. Unaingiza vipimo vya mtu, inakuchorea mbele, nyuma, mikono na kola, unachapisha kwenye karatasi, unakata. Ni ya bure, na undani wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma, kuurekebisha na kutuma marekebisho yake. Waliojitolea kuitengeneza wametawanyika huku na huko, hawalipwi, wengi wao hawajawahi kuonana ana kwa ana, na wanaoweza kushona kifungo kikakaa hawazidi watatu. Mkwe ndiye aliyekuwa mtunzaji wa mwongozo wa programu hiyo. Wenzake walimwita Nukta, kwa sababu aliwahi kubishana siku mbili nzima juu ya nukta moja, akashinda, na jina likamkaa.

"Hizi ni barua tisa," alisema mama mkwe akifungua bahasha. Akazipanga mezani moja moja, kila moja akiinyoosha kwa kiganja. Alikuwa fundi cherehani kwa miaka thelathini na mitano, na hakuna kitu chenye kingo kilichopita mkononi mwake bila kunyooshwa. "Zote zimetoka kwenu. Zote zimeandikwa na mtu anaitwa Bawabu. Nataka kumjua."

Nukta alizitazama. Maneno yale aliyajua kuliko alivyojua viapo vya ndoa yake. *Asante kwa mchango wako. Kwa bahati mbaya hauwezi kupokelewa katika umbo ulilo nalo. Ombi hili limefungwa.* Na juu ya kila barua, jina la aliyetuma mchango: Fundi wa Kona.

Jina hilo alikuwa amelipitia mara kadhaa, akadhani ni la kijana fulani mkaidi asiye na kazi. Hakuwaza hata siku moja kwamba karakana ya mama mkwe wake iko kwenye kona, tena kona ile ile aliyosimama yeye akitoka jasho siku alipopelekwa kutambulishwa ukweni.

"Bawabu," alisema, akijitia hamnazo, "ni mwenzetu mmoja."

"Ana mke?"

"Hapana, mama."

"Nilijua. Mtu mwenye mwenzi wa kumwambia 'hebu ngoja kwanza' hawezi kuandika hivi mara tisa."

Jikoni kijiko kikaanguka. Mke wa Nukta, mfamasia ambaye zamu yake ilianza mchana, alikuwa anasikia kila neno, na alijua fika kwamba Bawabu hana mke kwa sababu Bawabu si mtu. Ni programu ndogo aliyoiandika mumewe, ikasimamishwa mlangoni mwa mwongozo kukagua kila mchango unaoingia. Faili ni ya maandishi matupu? Mistari haizidi herufi themanini? Kichwa ni kimoja? Mwishoni pameachwa mstari mtupu? Ukikosa kimoja kati ya hivyo, unapata barua. Mchango unasema nini, Bawabu hajui wala haimhusu. Nukta aliwahi kumsifia mkewe jambo hilo kitandani, kwamba Bawabu hana upendeleo hata chembe, na mkewe akageukia ukutani akalala.

"Ya kwanza niliandika vizuri sana," mama mkwe aliendelea. "Kwa rangi nyekundu, na maua pembeni ili mtu aione. Akakataa. Ya pili nikatoa maua. Ya tatu nikatoa rangi. Ya nne akasema mistari mirefu, nikaipima yote kwa tepu."

"Kwa tepu, mama?"

"Ulitaka niipime kwa nini? Hii ya tisa binti yangu alinisaidia. Kila kitu kilikuwa sawa, ila eti mwishoni hapana mstari mtupu. Mwanangu, mimi nimeshonea watu wagumu. Nimemshonea bibi harusi aliyebadili mawazo asubuhi ya harusi, kuhusu gauni na kuhusu bwana pia. Sijawahi kurudishiwa nguo kwa kuwa mwisho wake haukuwa na hewa."

Nukta alitaka kueleza kwa nini mstari mtupu ni muhimu. Kwa mara ya kwanza maishani alijizuia.

"Lakini mama, ulikuwa unataka kusema nini hasa?"

Mama mkwe akamtazama. Pengine alikuwa anajiuliza kwa nini swali hilo lilihitaji barua tisa na safari ya saa tano.

Alieleza. Alikuwa amepata kazi ya kushona sare arobaini za wauguzi. Binti yake alikuwa amemwekea Kiolezo kwenye kompyuta, kwa sababu katika nyumba hii kila mlo ulikuwa na sifa za Kiolezo nyingi kuliko chumvi. Vipimo vya wauguzi vilikuja kwa inchi, akachora kwa inchi. Kitambaa kilikuja kwa sentimita, akabonyeza pale pa kubadili kipimo ili asichanganye. Karatasi zikatoka safi, chini yake zimeandikwa kwamba nafasi ya mshono imeshahesabiwa. Akakata sare zote arobaini. Alipoanza kushona akagundua kwamba nafasi ya mshono ni sifuri, yaani kila ukishona unakula mwili wa mtu.

"Walivaa, wakasimama," alisema. "Hakuna aliyeweza kuinama. Muuguzi asiyeweza kuinama ni picha ya ukutani. Sare zikarudi zote, na ile zahanati haikunipa kazi tena. Hilo limepita. Nikasema basi, nitawaandikia waweke onyo, asije fundi mwingine akakata kama nilivyokata mimi."

Hapo Nukta alipata pumzi, maana jibu alikuwa nalo. "Mama, pole sana. Lakini hilo onyo lipo. Sura ya saba. Nalikumbuka kabisa." Akavuta kompyuta yake, akafungua mwongozo, akaigeuza skrini ili mama mkwe aone. Akashuka na ukurasa. Akapanda. Akashuka tena polepole, kama mtu anayetafuta funguo kwenye mfuko aliokwisha kuugeuza nje ndani.

Onyo halikuwepo.

"Limeonekana?" aliuliza mama mkwe.

"Natafuta, mama. Mtandao uko chini kidogo." Huo ulikuwa uongo wa pili, na ilikuwa bado saa tano haijafika.

Mama mkwe alipokwenda kuoga, Nukta alifungua mwongozo wa zamani. Hapa inabidi ielezwe kidogo. Mwongozo wa zamani uliandikwa kwa umbo ambalo lilihitaji programu moja maalumu kulifungua, na programu hiyo iliachwa na watengenezaji wake miaka mingi iliyopita. Ukitaka kurekebisha neno moja ulihitaji kompyuta kuukuu na moyo wa subira. Kwa hiyo ukazuka ugomvi wa umbo jipya. Ulichukua miezi kumi na minne na ujumbe mia tisa. Watu wawili walijitoa kwenye mradi, na uchumba mmoja ulivunjika, ingawa mhusika anasema ungevunjika tu. Upande mmoja ulitaka maandishi matupu yenye alama chache, ambayo mashine yoyote itayafungua. Upande wa pili, ukiongozwa na jamaa mmoja aliyeitwa Jedwali kwa sababu alitaka kila kitu kiwe ndani ya majedwali, ulitaka majedwali. Nukta akashinda. Kisha akaandika programu ya kuhamisha kurasa zote mia sita na arobaini kutoka umbo la zamani kwenda jipya, na kazi hiyo ikaitwa Uhamisho Mkuu. Jina alilitunga yeye.

Kwenye mwongozo wa zamani, sura ya saba, onyo lilikuwepo, ndani ya kisanduku chenye fremu nene. *Tahadhari. Ukibadili kipimo kutoka inchi kwenda sentimita, nafasi ya mshono hurudi sifuri. Iweke upya kabla ya kuchapisha, hata kama karatasi inasema imehesabiwa.*

Akajua papo hapo alichokifanya, kwa sababu alikumbuka alivyokuwa na hasira siku ile. Programu yake ya kuhamisha ilikuwa inakwama kila ikikutana na kitu isichokijua, na ilikuwa inakwama kila baada ya dakika mbili. Mwishowe aliiandikia amri moja fupi: usichokijua, kiruke. Ikaacha kukwama. Alifurahi mpaka akajitengenezea chai. Visanduku ilikuwa haivijui. Ikaviruka vyote, bila kelele, kurasa mia sita na arobaini, na hakuna mtu hata mmoja katika mradi mzima aliyeona pengo. Waandishi wa programu hawasomi tahadhari, kama ambavyo madereva hawasomi kitabu cha gari.

Akahesabu. Visanduku vilikuwa mia mbili na kumi na vinne.

Alikaa akazishika zile barua tisa ili mikono iwe na kazi. Alikuwa anazipitia bila kuzisoma mpaka alipofika ya sita. Ya sita haikuanza na asante. Ilikuwa na mstari mmoja tu: *Soma mwongozo kabla ya kutupotezea muda.*

Bawabu hakuwa na sentensi hiyo. Hakufundishwa. Hiyo ilikuwa sentensi ya Nukta, aliyoiandika kwa vidole vyake asubuhi moja akiwa na jino linauma na michango arobaini ya watu wasiofuata kanuni, akaituma kwa jina la Bawabu, akajisikia nafuu kuliko alivyojisikia kwa dawa ya jino. Akairudisha katikati ya nyingine, akaomba Mungu mama mkwe asiwe ameona tofauti.

Mkewe alimkuta bado ameketi pale alipotoka jikoni na mkoba wake wa kazini begani.

"Kwa hiyo ni mwenzenu mmoja," alisema. "Hana mke."

"Ulijua muda wote kwamba Fundi wa Kona ni mama?"

"Nilijua tangu mwezi uliopita, aliponiomba nimsaidie na ile ya tisa. Nikamwambia aje mwenyewe. Wewe karatasi huzioni mpaka zipangwe mbele yako."

Nukta akamwambia habari ya visanduku. Ya barua ya sita hakumwambia. Mkewe alivuta kiti akaketi, ingawa alikuwa amechelewa.

"Na kesho mnafunga toleo jipya."

"Kesho saa sita mchana. Mwongozo unakwenda kuchapishwa. Vyuo mia tatu vya ushonaji vitafundishia kitabu hicho."

"Na kesho hiyo hiyo wanakuchagua kwenye Baraza la mradi kwa ajili ya huo Uhamisho Mkuu wako."

Nukta aliwaza kama kuna njia ya kuvirudisha kimya kimya, lakini njia alikwisha kuiziba mwenyewe. Tangu saa sita mchana ya Ijumaa, yaani sasa hivi, kila badiliko lilihitaji saini za watu wawili wa Baraza na maelezo ya sababu. Kanuni hiyo ilikuwa yake. Nyingi zilikuwa zake.

"Mimi sitakusemea kwa mama," mkewe alisema akisimama. "Wala huyo Bawabu wako sitamtaja. Ila kesho nitakuwa kazini, na nikirudi nitataka kusikia ulisema nini."

Mchana ule wote alivitoa visanduku kwenye mwongozo wa zamani kimoja kimoja, akavipanga kwenye faili. Vingine vilikuwa vya kuchekesha. *Tahadhari: sehemu hii imeandikwa na mtu asiyeshona.* Vingine havikuchekesha kabisa. *Tahadhari: ukipunguza kiolezo cha mtu mzima kuwa cha mtoto, kamba ya shingoni haipungui. Ikate kwa mkono.* Hiki alikisoma mara mbili, akafikiria kamba ndefu kwenye shingo ya mtoto anayepanda kitanda cha juu, na akaacha kuwaza habari ya Baraza kwa dakika nzima. Hadi jioni kazi ilikuwa imekwisha. Kilichobaki kilikuwa kusema.

Jumamosi saa nne mkutano wa video ukaanza. Nyuso kumi na moja zilikuwa kwenye skrini. Mwanzilishi wa mradi, mzee mmoja mwenye sauti ya upole aliyeandika mistari ya kwanza ya Kiolezo kwa ajili ya marehemu mkewe, alikuwa anakula kitu mbele ya kamera kama kawaida yake. Jedwali alikuwa amevaa shati la pasi. Nyuma ya Nukta, kando ya dirisha, mama mkwe alikuwa amelishusha pazia la sebuleni na kuanza kulipindua upya ncha, kwa sababu alipoliona tu jana roho ilimchafuka.

"Ajenda ya kwanza ni ya furaha," alisema Mwanzilishi. "Ni kumpongeza ndugu yetu Nukta."

Nukta alikuwa amepanga kusubiri pongezi ziishe. Aliona pongezi zikiisha atakuwa amelewa nazo. Akasema palepale, haraka: kwamba Uhamisho Mkuu ulitupa tahadhari zote mia mbili na kumi na nne, kwamba kosa ni lake, na kwamba kuna fundi aliyeharibikiwa sare arobaini kwa sababu hiyo, akawaandikia mara tisa, akafungiwa mlango mara tisa.

Mwanzilishi aliacha kutafuna. Sindano ya mama mkwe nayo ilikuwa imesimama.

"Tahadhari zenyewe unazo?" aliuliza Mwanzilishi.

"Ninazo zote. Nahitaji saini mbili tu, kabla ya saa sita."

"Yangu unayo."

"Kabla ya saini," alisema Jedwali, na sauti yake ilikuwa na utamu wa mtu aliyengoja miaka miwili, "tujue zitaingia kwa umbo gani. Umbo jipya halina visanduku. Nilisema wakati ule. Ipo kwenye kumbukumbu za mkutano, ujumbe wa mia nne na kumi na mbili. Majedwali yangebeba visanduku bila shida."

Kama kuna namna ya kuwafanya watu wema wasahau mtoto na kamba yake, ni kutaja umbo. Mmoja akasema tahadhari ziingie kwa herufi nzito. Mwingine akasema herufi nzito ni za vichwa. Wa tatu, ambaye hajawahi kusema lolote tangu ajiunge, akapendekeza alama ya nyota pembeni, wakauliza nyota ngapi. Ikafika saa tano. Jedwali akapendekeza iundwe kamati ndogo, toleo liende kama lilivyo, na visanduku vishughulikiwe toleo lijalo kwa utaratibu.

"Toleo lijalo ni lini?" aliuliza Nukta.

"Baada ya miezi minane."

"Na vyuo vitafundishia hiki kwa miezi minane."

"Nukta, wewe ndiye uliyetufundisha kwamba bila utaratibu hakuna mradi," alisema Jedwali, na kwa bahati mbaya ilikuwa kweli.

Saa tano na dakika arobaini walikuwa wamerudi kwenye nyota. Nukta alitazama saa, akatazama nyuso kumi na moja, akajiona yeye mwenyewe mara kumi na moja. Alikuwa na ufunguo wa mtunzaji, yaani ruhusa ya kuingiza kitu kwenye mwongozo moja kwa moja kwa kumzima Bawabu. Tangu Bawabu aanze kazi hakuna aliyewahi kuutumia. Akapiga moyo konde, akamzima. Akaviingiza visanduku vyote mia mbili na kumi na vinne kama vilivyo, kila kimoja mahali pake, vikiwa na neno TAHADHARI kwa herufi kubwa na mistari mirefu kupita kiasi. Vilikuwa vibaya kutazama. Akabonyeza.

"Nimeviweka," alisema.

Jedwali alishaona. Hakupaza sauti, hakuhitaji. Akasoma kanuni ya kumi na saba kwenye skrini, neno kwa neno: atakayeizima programu ya Bawabu na kuipita, awe nani awaye, atanyang'anywa ufunguo siku hiyo hiyo na hatarudishiwa. "Kanuni hii aliiandika nani?" aliuliza.

"Niliiandika mimi," alisema Nukta.

Mwanzilishi alijaribu kumtetea. Alisema kanuni zina moyo. Lakini kanuni ya kumi na saba haikuandikwa na mtu mwenye moyo, iliandikwa na Nukta, na haikuwa na tundu hata la sindano. Saa tano na dakika hamsini na nane ufunguo ukafutwa. Miaka sita ya kazi ikaisha kwa mstari mmoja wa kijivu kwenye skrini. Badiliko lake lenyewe hakuna aliyelifuta, kwa sababu kulifuta kulihitaji saini mbili na Jedwali hakumpata wa pili. Saa sita toleo likafungwa na visanduku vikiwa ndani.

Nukta alifunga kompyuta. Aliona uchungu, na asidanganye mtu kwamba hakuona. Alikuwa anaupenda ule mwongozo, kila nukta yake.

Mama mkwe alikata uzi kwa meno, akaweka pazia pembeni, akaja mezani.

"Kumbe Bawabu ni mashine," alisema.

"Ndiyo, mama. Niliitengeneza mimi. Jana nilikudanganya. Nisamehe."

"Basi sina ugomvi. Mashine haijui ninayeandika ni nani, wala nilikuwa na shida gani. Kama ni mashine, hakuna aliyenivunjia heshima." Mama mkwe akaanza kuzikusanya barua, akizilinganisha kingo, na uso wake ulikuwa umelegea kwa mara ya kwanza tangu afike. Bahasha aliifungua kwa kidole.

Nukta angeweza kunyamaza. Barua zilikuwa zinaingia kwenye bahasha zenyewe, mama mkwe alikuwa ameshasamehe, na chakula cha mchana kilikuwa kinasubiri. Hakuna ambaye angejua.

"Mama," alisema. "Ya sita si ya mashine. Ya sita niliandika mimi mwenyewe."

Mikono ya mama mkwe ikasimama. Akaichomoa ya sita bila kuitafuta, alijua ilipo. Hakuisoma.

"Hii," alisema. "Iliponiambia nisome mwongozo, niliusoma. Mwanzo hadi mwisho. Nikasema pengine nimepitwa. Nikausoma tena. Mara ya tatu nilimwomba mdogo wangu aketi nami, anisomee kwa sauti, maana nilidhani macho yamekwisha. Nikaenda kupima macho. Daktari akaniambia macho mazima. Sasa kama macho ni mazima, na wataalamu wanasema onyo limeandikwa, na mimi silioni, nikajua basi ni kichwa. Mama yangu alianza hivyo hivyo, mwisho akawa hatujui. Nikamwachia mdogo wangu kukata. Miezi miwili sikushika mkasi, mwanangu. Nilikuwa nakaa tu pale kwenye kona, nafungua mlango asubuhi, nafunga jioni."

Mama mkwe aliigeuza barua upande wa pili.

"Siku moja nikafungua ile programu nikabadili kipimo mara kumi," aliendelea mama mkwe. "Mara kumi ikarudi sifuri. Ndiyo nikaandika ya saba." Akaikunja barua mara mbili, akaiweka mezani upande wa mkwewe. Kisha akavuta kiti, akaketi karibu naye, mikono mapajani.

"Uliniambia nisome," alisema. "Sasa nisomee wewe."

Nukta alifungua kompyuta. Akaenda sura ya saba, akashuka mpaka kwenye kisanduku, akasoma kwa sauti, pamoja na neno tahadhari, pamoja na nukta. Alipomaliza, mama mkwe akamwambia arudie.